Kazi za jamii na mwalimu wa sekondari: kwa nini mmoja anaridhika na mwenzake anachoka

Jumamosi haimpi mapumziko mwalimu aliyewekwa kwenye kamati ya mapokezi ya shule ya kata. Fuso limepanda mlima kutoka Moshi mjini likiwa na saruji, fundi amekaa juu ya tofali anasubiri, na hakuna mfuko unaoshuka mpaka mwalimu huyo afike. Atahesabu mifuko, atabonyeza ile ya chini kuona kama imeganda, atalinganisha idadi na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya oda, kisha atasaini pamoja na wajumbe wenzake, mmoja wao mzazi aliyekuja na panga mkononi kwa sababu ametoka kukata majani ya ng'ombe. Jumatatu asubuhi mwalimu huyohuyo ana vipindi viwili mfululizo vya Fizikia, kidato cha tatu, na madaftari ya zoezi la wiki iliyopita bado yako mezani. Chuoni alisomea Fizikia na namna ya kuifundisha. Saruji hakuisomea.

Je, kazi za namna hii zinamfanya mwalimu aipende zaidi kazi yake au zinamchosha nayo? Wanaohutubia kwenye hafla hupenda kusema zinamjenga, kwa kuwa mwalimu ni kioo cha jamii. Walimu wenyewe, ukiwakuta kwenye chai ya saa nne, wengi watakupa jibu la kinyume. Nimewasikiliza wa pande zote mbili na naona wote wanasema kweli. Wanagongana kwa sababu tumezipa jina moja, "kazi za maendeleo ya jamii", kazi ambazo hazifanani hata kidogo.

Kuna ujenzi wa madarasa, maabara na vyoo. Kuna kuwashawishi wazazi wachangie mahindi na maharage ili watoto wa kutwa wapate chakula cha mchana. Kuna kumfuatilia mtoro nyumbani kwao, kuzungumza na bibi anayemlea, na siku nyingine kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Kuna shughuli za kitaifa kama sensa ya Agosti 2022 na usimamizi wa vituo vya kupigia kura. Hizi zina malipo na muda wake, na walimu wengi huziomba wenyewe, kwa hiyo malalamiko juu yake ni machache. Halafu kuna zile ambazo mwalimu anaziibua mwenyewe bila kutumwa na mtu: kitalu cha miche, masomo ya jioni kwa vijana wa mtaani waliokwama kidato cha nne, kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaopika shuleni.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, turudi nyuma. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba au karakana yake na iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Aliyeubeba mzigo huo kwa miaka mingi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyefundisha kisomo cha watu wazima jioni na kuandika barua za wanakijiji. Mwalimu wa sekondari alikaa kando kidogo. Sekondari zilikuwa chache, nyingi zikiwa za bweni, wanafunzi wake wametoka mikoa mbalimbali, na mzazi aliijua shule kupitia ripoti ya kufunga muhula. Kilimanjaro ilitofautiana kiasi, maana miaka ya 1980 wazazi na makanisa walikuwa wamekwisha kujenga sekondari nyingi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi.

Kilichobadili mambo nchi nzima ni Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004. Sekondari ziliongezeka kutoka 1,291 mwaka huo hadi 4,102 mwaka 2009, na nyingi ya hizo mpya ni shule za kata zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi: kijiji kinachimba msingi, kinasomba mawe na mchanga, kinapandisha boma mpaka usawa wa linta, halmashauri inaleta mbao na bati. Mwalimu mwenye shahada akajikuta anafundisha shule ambayo kila tofali lina mwenyewe kijijini. Mzazi aliyebeba mawe siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, haoni kosa kuingia ofisini na kuuliza kwa nini choo hakijaisha, na haki hiyo anayo. Kwa hiyo kwa mwalimu wa sekondari kazi hii ina umri wa miaka ishirini na ushee tu. Nadhani ndiyo maana mpaka leo haina mahali pake kwenye ratiba ya shule wala kwenye hesabu za kupanda daraja.

Sasa tuje kwenye kuridhika kwenyewe. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa mji wa Pittsburgh. Waliwataka wakumbuke siku walizojisikia vizuri mno kazini na siku walizojisikia vibaya mno. Kilichojitokeza ni kwamba mambo yanayomuudhi mtu kazini hayafanani na yale yanayomfurahisha. Mshahara, usimamizi, mazingira ya kazi na sera za mwajiri zilitajwa zaidi kwenye siku mbaya. Mafanikio, kutambuliwa, kupewa dhamana na kazi yenyewe vilitajwa zaidi kwenye siku nzuri. Herzberg akahitimisha kwamba ukimwondolea mfanyakazi maudhi, unapata mtu asiye na manung'uniko, lakini hujapata bado mtu anayeipenda kazi yake.

Wapo waliompinga, na hoja yao ina uzito: binadamu hupenda kujisifia mazuri na kuyasukumia mazingira mabaya, kwa hiyo namna ya kuuliza ilikuwa na jibu lake ndani. Hata hivyo mgawanyo ule unatusaidia kumwelewa mwalimu wetu. Mgomo wa walimu ulioanza tarehe 30 Julai 2012, ukasimamishwa na mahakama siku chache baadaye, ulidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho za kufundishia. Madai hayo yote yako upande wa maudhi, na yalikuwa ya haki. Lakini mwalimu aliyeongezewa mshahara jana anaweza kubaki mtu asiyeona maana ya kuamka. Na yule mwenye malimbikizo yasiyolipwa anaweza, siku hiyohiyo, kurudi nyumbani anatabasamu kwa sababu mtoto aliyemfuata kwao amerudi darasani. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili moyoni. Ukimuuliza swali moja tu, "umeridhika na kazi?", atakujibu kulingana na lipi limemgusa wiki hiyo.

Watafiti wengine wawili wa Marekani, Richard Hackman na Greg Oldham, katika miaka ya 1970 walikwenda mbele zaidi wakauliza kazi yenyewe iweje ili impe mtu ari. Walitaja sifa tano: kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kuifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, umuhimu wake kwa watu wengine, uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na kuona matokeo kwa macho yako. Kufundisha kunabana kwenye baadhi ya sifa hizo. Mwalimu wa kidato cha pili anamkabidhi mtoto kwa mwingine, mtihani unatungwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na matunda ya kweli yanaonekana miaka kumi baadaye mtu anapomsimamisha stendi na kusema, "Shikamoo mwalimu, hunikumbuki?" Kazi ya jamii ina nafasi ya kumpa kile ambacho darasa linachelewa kumpa. Nafasi hiyo inatumika au inapotea kutegemea namna kazi ilivyomfikia.

Chukua kitalu cha kahawa. Mwalimu wa Baiolojia katika moja ya kata za Kibosho au Machame anaamua kuanzisha kitalu cha miche chotara inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, aina zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoko palepale Lyamungu. Wanafunzi wanajaza udongo kwenye viriba, wanapanga chini ya kivuli, wanamwagilia kwa zamu. Miche hii huzalishwa kwa vipandikizi, kwa hiyo mada ya uzazi wa mimea usiohitaji mbegu inafundishwa huku mikono ikiwa na udongo. Mvua za masika zinapokaribia, mzee wa jirani anakuja kuomba miche ya kujazia mapengo kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na akishaipanda anarudi kuuliza mbona majani ya mmoja yamekunjamana. Hapo mwalimu amepata sifa zote tano kwa mkupuo. Hakuna posho, na wakati mwingine viriba vimenunuliwa kwa fedha yake. Lakini ukimwambia aache, atakuona adui.

Sasa weka pembeni yake ujenzi wa madarasa ya mwishoni mwa 2021. Kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 serikali iliamua kujenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, kila moja kwa shilingi milioni 20, yakamilike mwaka ukiisha ili kidato cha kwanza cha Januari 2022 kipate pa kukaa. Utaratibu ulikuwa wa force akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe, inaweka fundi wa kwake, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinaundwa na walimu pamoja na wananchi. Kwa kipimo cha umuhimu na matokeo, hakuna kazi iliyoizidi. Miezi michache na darasa limesimama, lina vioo na viti.

Uhuru ndio haukuwepo. Ramani ilitoka juu, kiasi cha fedha kilitoka juu, tarehe ya mwisho ilitoka juu. Kusomba mchanga hadi shule iliyoko juu kabisa Uru, ambako gari linapanda kwa gia ya kwanza na mvua ikinyesha halipandi, hakulingani na kuusomba hadi shule iliyo kando ya barabara ya lami, lakini milioni 20 ni zilezile. Kila shule ikitafuta nondo na saruji mwezi mmoja, bei haiwezi kukaa palepale. Fedha zikipungua, atakayesimama mbele ya kamati ya siasa ya wilaya au mkaguzi kujieleza ni mkuu wa shule na walimu waliosaini. Mwalimu anabeba dhamana ya jambo ambalo mamlaka yake yako kwa wengine, na kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha uchovu wote. Hata saa nyingi za kazi hazimli mtu kama hofu ya kuulizwa kuhusu uamuzi ambao hakuufanya.

Michango ya wazazi ni mfano wa pili wa jambo hilohilo. Januari 2016 elimu hadi kidato cha nne ikawa bila ada. Ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni zikafutwa. Jambo jema, na watoto walimiminika. Ila chakula cha mchana cha shule za kutwa kilibaki kwa wazazi kwa makubaliano. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima na kutaka walimu wasishike fedha za wazazi. Anayetaka kuchangia ampelekee mkurugenzi wa halmashauri. Kwa nia, agizo lile lilimlinda mwalimu, asiitwe mla michango. Kwa utekelezaji, mkuu wa shule akabaki na watoto mia kadhaa wanaosinzia saa saba mchana, bila fimbo ya kumlazimisha mzazi wala ruhusa ya kupokea gunia moja kwa moja. Mzazi akisikia redioni kwamba elimu ni bure, kisha akamsikia mwalimu kikaoni akitaja debe la mahindi, atamwamini nani? Mwalimu anageuka mtu wa kutiliwa shaka na watu wanaomsalimia kila asubuhi, na heshima hiyo ndiyo sehemu kubwa ya malipo yake yasiyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara.

Mahali alipopangiwa mwalimu nako kunaongeza au kupunguza. Mwenyeji wa Marangu anayefundisha Marangu anakaa kwenye kihamba cha wazazi wake, anawajua mtendaji na diwani tangu utotoni, na neno lake kwenye mkutano wa kijiji lina mizizi. Lakini yeye ndiye pia anayefuatwa mpaka jikoni kwake usiku na shangazi anayetaka mtoto wake asifukuzwe. Desemba, Wachagga wa Dar es Salaam wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, ndipo vikao vya ukoo, vya kijiji na vya wahitimu wa shule vinapofanyika na ahadi za saruji zinapotolewa. Likizo ya mwalimu mwenyeji huishia humo, na akiwa mwanamke, vikao hivyo vinamkuta na sufuria za wageni jikoni.

Aliyepangiwa Longido au Ngorongoro akitokea Mara au Mbeya ana shida ya aina nyingine. Ukame unapobana na mifugo ikahamishwa, wavulana wanatoweka darasani. Mwalimu anapanda bodaboda kwenda bomani, kwenye makazi ya familia, nauli yake mwenyewe, na mzee anayemkuta anazungumza Kimaasai, kwa hiyo mkalimani ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeona haya kutafsiri maneno makali. Akiwa na busara atapitia kwanza kwa laigwanani, kwa sababu ombi likitoka kwa kiongozi wa mila lina uzito ambao barua yenye mhuri wa shule haina. Safari kama hiyo ikifanikiwa, mwalimu anapata furaha ambayo sijui kama kuna semina inayoweza kuileta. Asipofanikiwa mara tatu nne, na nauli haijarudishwa, na nyumba ya kupanga haina maji, anaanza kuandika barua ya uhamisho. Unaweza kumlaumu?

Kwenye suala la malipo ningependa tuwe wakweli. Kujitolea kunapendeza kama aliyejitolea hajatozwa. Mwalimu anayefanya kazi ya jamii jioni bila posho anaweza kuvumilia kwa miaka. Yule anayetoa nauli yake, vocha yake ya simu ya kuwapigia wazazi na fedha ya kuchapisha barua za mwaliko, halafu akamwona mgeni kutoka wilayani anasaini posho ya kikao kilekile, hawezi kuvumilia hata muhula. Viwango vya fedha hapa ni vidogo, lakini kinachoumiza ni kuona kwamba wengine wamehesabiwa na yeye hakuhesabiwa.

Kuhesabiwa huko kuna upande wake wa kiofisi. Utumishi wa mwalimu wa serikali, pamoja na kupanda daraja na nidhamu, unasimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Utendaji wake sasa unajazwa kwenye mfumo wa PEPMIS ulioshika nafasi ya OPRAS. Mfumo huu unataka mtumishi aandike majukumu aliyokubaliana na msimamizi wake na kueleza ametekeleza kiasi gani. Walimu wengi hujaza vipindi, maandalio ya masomo, azimio la kazi na mitihani, basi. Wiki tatu za kusimamia choo, au jioni ishirini za kufuatilia watoro, hazionekani popote kama hazikuandikwa tangu mwanzo. Halafu matokeo ya kidato cha nne yanatoka, shule inapimwa kwa wastani wa ufaulu, na yule mwalimu wa Hisabati ambaye yuko peke yake shule nzima anaulizwa kwa nini somo lake limeshuka. Siku alizokuwa kwenye kamati hakuna aliyeingia darasani badala yake, maana hayupo wa kuingia. Kwa walimu wa sayansi na Hisabati, ambao ni wachache karibu kila shule ya kata, sioni sababu ya kuwaweka kwenye kamati za ujenzi hata kidogo.

Mengi ya haya hayahitaji kusubiri waraka mpya. Mkuu wa shule anaweza kuuliza nani anataka kazi ipi kabla hajabandika majina ukutani. Wapo walimu wanaopenda ujenzi na wapo wanaopenda kukaa na wazazi. Anaweza kupunguza vipindi vya mjumbe wa kamati kwa muda wa mradi, na kuiandika kazi hiyo kwenye PEPMIS siku inapoanza. Fedha ya uendeshaji inayotumwa shuleni kila mwezi ni ndogo, lakini nauli ya kwenda kwa mtoro ikipewa mstari wake kwenye bajeti inayopitishwa na bodi, mwalimu hataingia mfukoni. Na halmashauri inaweza kuzipa kamati sauti kwenye makisio, ili shule ya mlimani isipimwe kwa gharama za shule ya tambarare.

Lipo pia jambo tunalolisahau tukiwa karibu nalo kabisa. Kilomita chache kutoka Arusha mjini, kwenye barabara ya kwenda Moshi, kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, ambayo kazi yake ni kuwafundisha watu taaluma hii: kuitisha mkutano, kuibua mradi pamoja na wananchi, kusuluhisha wanaobishana juu ya nani achangie nini. Halmashauri zina maafisa maendeleo ya jamii waliosomea hayo, wengine wako kwenye ofisi ya kata iliyo umbali wa kutembea kutoka shuleni, na shule nyingi humkumbuka afisa huyo siku ya kuandaa risala ya mgeni rasmi. Kikao cha wazazi cha Januari kingeweza kuwa cha kwanza kuendeshwa na yeye: azungumzie chakula, mtendaji wa kata apokee mahindi na kutoa stakabadhi, na mwalimu abaki na orodha ya watoto wanaokula.